Kiti cha Mama Nyuma ya Pikipiki

Nilipopunguzwa kazi, pikipiki yangu ya ofisi ilikuwa imenitangulia kuachwa. Ilisimama nyuma ya ofisi, tairi hazina upepo, kuku wakilala juu ya tanki. Nilikuwa bibi shamba kwa miaka mingi, na ndiyo iliyokuwa ikinipandisha Mkuyuni na Matombo kwa wakulima wa ndizi na maharage. Siku naaga, mkuu wa ofisi akaniambia, "Ichukue tu, mama. Hapa itaishia kuwa chuma chakavu."

Nikaikokota hadi nyumbani Kilakala. Sikuwa na hamu nayo. Nilianza kuitengeneza kwa sababu ya mama yangu.

Tulikuwa tumemleta mjini baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Mfupa uliunga vibaya. Kila asubuhi alikaa barazani, fimbo mapajani, anaitazama milima ya kwao. "Lini utanirudisha kwangu?" Usafiri wa kule ulikuwa malori, na mama asingeweza kupanda juu ya magunia.

Basi kila alasiri nilitandika gunia uani, nikafungua injini. Mume wangu, mwalimu, alirudi kazini akanikuta mikono myeusi, akavuka vile vyuma kwa uangalifu, akaenda kubandika ugali mwenyewe.

"Hiyo imekufa, mke wangu," aliniambia siku moja.

"Najua," nikasema, nikaendelea kupiga msasa.

Zamani vipuri havikuwepo kabisa. Gasketi tulikata kwenye maboksi. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka ya mjini yamejaa vipuri ndani ya pakiti zinazong'aa, na vingi haviingii mahali pake. Ringi za pistoni nilizonunua zilikwisha kabla sijazoea mlio wa injini. Moshi ukajaa uani, mama akakohoa, nikafungua kila kitu upya. Kuna siku nilisinzia nimeketi, spana mkononi, mume wangu akaja kuichukua taratibu.

Injini ilipotulia, niling'oa siti ndefu. Nikajiachia kipande kidogo mbele. Nyuma, fundi wa kuchomelea akafunga kiti cha chuma chenye mikono na egemeo, na ubao mpana wa kunyooshea ule mguu usiokunjika. Mama aliketi akipimwa, uso umekunjamana.

"Mnanipima jeneza?"

"Kiti, mama."

"Haya. Msikibane."

Tuliondoka asubuhi, nimemfunga kwenye egemeo la kiti kwa khanga mbili. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kwenye kila shimo nilimsikia akivuta pumzi, lakini hakulalamika. Baada ya Mkuyuni mlima ukaishinda injini, ikachemka, ikazima. Nikaisimamisha kando ya kijito, nikajitupa kwenye majani.

"Njia hii nilikubeba mgongoni," mama alisema kutoka juu ya kiti chake. "Ulikuwa mzito."

"Pole, mama."

"Sijasema unipe pole. Nimesema ulikuwa mzito."

Nilicheka, kisha nikajikuta nalia, naye akaniacha nilie. Injini ilipopoa, nikapiga kiki.

Barabara iliishia mbali na nyumba yake. Kilichobaki ni njia ya miguu inayopanda mgombani. Wapwa zangu walikuja mbio, wakamwamkia, wakafungua nati, wakakinyanyua kiti naye akiwa amekaa. Alipanda hadi kwake akiwa mabegani mwao, akiitikia shikamoo za njia nzima.

Nami nilikuwa bado nahema pale chini, mwanamume mmoja akatokea, jani la mgomba mkononi, lina michirizi myeusi.

"Bibi shamba! Tulisema umetusahau."

"Mimi si bibi shamba tena, kaka. Wametupunguza."

"Sasa atakuja nani?"

"Sijui. Huenda hakuna."

Hakuondoka. Alisimama tu na lile jani. Nikalipokea, nikaligeuza upande wa chini, kisha nikamfuata shambani kwake, kofia ngumu bado kichwani. Nilimwonyesha migomba iliyougua, ya kung'oa. Ilikuwa mingi.

Kiti kilibaki kwa mama, ukutani upande wa jua. Mimi nilitelemka kwa gia ya chini, mgongo ukiniwaka, hadi mjini. Mume wangu alikuwa amenichemshia maji. Nilioga nimekaa.