Baba mkwe amenitwisha siri ya meli yake

Jina langu lifichwe tafadhali, maana Brussels hii Wakongo tunajuana. Nina miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Lubumbashi, nimeolewa na Mbelgiji na tuna watoto wawili. Ndoa yangu haina tatizo. Tatizo ni wakwe, na si kwa jinsi mnavyodhani. Wananipenda. Afadhali wangenichukia, ningekaa zangu kwangu.

Baba mkwe ana miaka themanini na mbili. Alikuwa mvuvi wa Ostend, huko pwani. Wajerumani walipoingia, alikimbilia Uingereza kwa mashua yake pamoja na mke wake na shemeji yake, yaani mdogo wake mama mkwe. Jeshi la majini likampa meli ya kuondoa mabomu baharini, yeye nahodha, shemeji baharia wake. Kazi ilikuwa kuburuta waya mrefu unaokata minyororo ya mabomu yaliyotegwa chini ya maji, yakielea wayapige risasi kwa mbali. Shemeji alifia humo. Hadithi tuliyopewa sote ni kwamba bomu lilinasa kwenye waya, na afisa mmoja Mwingereza akawakataza kwa redio wasiukate, hadi likalipuka. Mama mkwe amemchukia afisa huyo miaka yote. Mpaka leo biskuti za Kiingereza haziingii nyumbani kwake Laeken.

Kila Alhamisi mama mkwe akienda kutengenezwa nywele, mimi hukaa na mzee tukimenya kamba wadogo. Miezi miwili iliyopita ilikuja barua ya komini, yaani manispaa: ni miaka hamsini tangu vita viishe, watampa nishani. Alhamisi hiyo mzee hakumenya hata kamba mmoja. Akaniambia kwamba hakukuwa na afisa yeyote kwenye redio. Amri waliyokuwa nayo siku zote ilikuwa moja: bomu likinasa, kata waya, kimbia.

"Sikukata," akasema. "Baba yangu alinifundisha tangu utoto kwamba mvuvi hakati zana zake. Nikasema vuteni. Shemeji ndiye alikuwa nyuma kwenye mashine ya kuvutia waya."

Halafu akaniomba mimi nikamwambie mama mkwe, kwa sababu yeye amejaribu miaka hamsini na mdomo haufunguki. Nilichanganyikiwa. Nikamjibu kwamba kwetu habari ya kifo hailetwi na mkwe, inaletwa na mtu wa damu. Akasema ndiyo maana amenichagua mimi, kwa kuwa wa damu wote watamnyamazisha.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mume wangu. Mnajua alinijibu nini? Aliendelea kula, akasema yeye na dada yake wanajua tangu ujana wao, walimsikia baba yao akiungama kwa padri. Ya nini kumuumiza mama uzeeni? Jamani, nilikasirika mpaka nikaondoka mezani. Nyumba nzima inajua, isipokuwa yule aliyefiwa. Nilipomwambia hivyo akasema nikifungua mdomo nitakuwa nimewaua wazazi wake wote wawili. Tangu siku hiyo tunazungumza mambo ya watoto tu.

Nikaenda mtaa wa Forest kwa dada yangu mkubwa, labda yeye atanielewa. Naye ndio kabisa: "Bon, nyamaza. Ile kufa haiko ya kwetu. Weye uko bibi ya mutoto yao, basi. Mambo ikiharibika, watasema ni ule Mukongo." Ana haki, najua watasema hivyo. Lakini nimechoka kuambiwa ninyamaze na watu ambao hawakai na yule mzee kila Alhamisi. Sasa mzee hali chakula vizuri, na kila nikiingia ananiuliza kwa macho kama tayari nimesema.

Alhamisi iliyopita mama mkwe hakwenda kwa nywele. Alitoa karatasi, akasema siku ya nishani ameombwa kuzungumza kwa niaba ya wake wa mabaharia, lakini mikono yake inatetemeka na macho hayaoni. Akaniomba niandike, na Jumapili nimsomee mbele ya watu, kwa sababu mimi ndiye binti yake mwenye sauti. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, anasikia.

"Andika," akasema, "namshukuru mume wangu, aliyefanya yote kumwokoa mdogo wangu."

Nilimtazama mzee. Alikuwa akinitazama mimi, akingoja. Nikaandika neno kwa neno kama alivyosema.

Karatasi ninayo mkobani. Jumapili saa nne nitaitwa mbele, mzee ataketi safu ya kwanza na mke wake amemshika mkono. Nikiisoma, nimemzika yule kijana mara ya pili kwa uongo, na kwa sauti yangu mimi. Nikikataa, mama mkwe atauliza kwa nini. Ninyi mnaosoma, hasa akina mama mlio na wakwe, niambieni kabla ya Jumapili: niisome?