Voronezh, Mke Mwenza wa Mama

Enzi zetu pale Singida, watoto wenzangu walikuwa na wivu na wenye baiskeli, wenye viatu vya ngozi na wenye shangazi Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na wivu na mji. Chekeni tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mji wenyewe unaitwa Voronezh, uko Urusi, na mpaka leo sijaukanyaga.

Baba alikuwa bwana shamba. Miaka ya sabini serikali ilimpeleka huko kusomea kilimo, akakaa miaka sita. Alirudi na shahada, koti zito lisilo na kazi yoyote Singida, na ugonjwa wa kulinganisha. Kila kitu chetu kilipimwa na Voronezh kikaonekana kimepungua. Udongo wa kule ni mweusi kama masizi, unachimba mita nzima hujagusa mchanga. Wa kwetu alikuwa anauchota kiganjani, anautazama kwa huruma, anauachia upepo. Hata ziwa letu la Singidani, lenye ndege warefu wa rangi ya waridi, halikumtosha. "Kule waliuziba mto wakajitengenezea bahari katikati ya mji," alisema. Ziwa letu halikutengenezwa na mtu, tulilikuta tu, kwa hiyo kwa Baba halikuwa na sifa.

Jioni tukishamaliza ugali wa uwele na mlenda, au kuku siku za wageni (na kuku wa Singida wa enzi zile alikuwa kuku kweli, siyo hawa wa sasa wanaolegea kabla ya kufika motoni), Baba alianza. Historia ya Voronezh tuliijua kuliko ya ukoo wetu. Mji ulianza kama ngome ya mbao juu ya kilima, kulinda mpaka wa nyika. Baadaye mfalme wao mmoja akaamua kujenga meli za kivita hapohapo, na bahari yenyewe iko mbali kabisa! Wakakata misitu, wakaunda meli, wakaziteremsha na mto. Halafu vikaja vita na Wajerumani. Adui akakaa ukingo huu wa mto, wenyewe ukingo ule, miezi na miezi, mpaka mji ukabaki vifusi. Waliporudi, wanawake waliokota tofali zima mojamoja wakajenga upya. Kwenye bweni la Baba kulikuwa na bibi msafishaji, Mama Galina, aliyempeleka kumwonyesha ukuta alioujenga kwa mikono yake akiwa msichana. Watu wa kule, alisema Baba, barabarani hawachekicheki na mtu, uso umefungwa kama duka siku ya msiba. Lakini ukiingia ndani kwao hutoki hujavimbiwa.

Akifika hapo sauti yake ililainika. Nilikaa nikisubiri siku atakayoitaja Singida kwa sauti ileile. Nilisubiri utoto wangu wote.

Mama naye alikuwa na lake. "Mke mwenzangu ni mji," aliwaambia majirani. "Angekuwa mtu, tungeshamalizana."

Tuliishi na Voronezh ndani ya nyumba. Baba alitukaangia mbegu za alizeti, akatufundisha kuzipasua kwa meno ya mbele na kutema maganda, eti ndivyo watu wanavyofanya kule kwenye mabenchi. Watoto wa jirani walituita kuku, na tukicheza rede wakanilenga mimi kwanza kwa mpira. Kulikuwa na mila nyingine pia: kabla ya safari yoyote, lazima nyumba nzima ikae chini kimya, hata juu ya mizigo, ndipo msafiri aondoke. Siku nilipokuwa naenda kuanza kidato cha kwanza bweni Dodoma, tulikaa. Mdogo wangu akacheka, Baba akaamuru tuanze upya. Akacheka tena, tukaanza tena. Tulipofika stendi basi lilikuwa limeshaondoka, na siku hizo basi halikuwa la kila siku. Niliripoti shuleni nimechelewa siku mbili, nikadeki bweni wiki nzima. Watoto wa leo, mama akichelewa dakika tano kuwachukua shuleni, wanatuma ujumbe kama waliotelekezwa jangwani. Mimi sikumlaumu Baba. Niliilaumu Voronezh.

Basi nikakua, nikawa nesi, nikaishia Texas. Mwaka 2018, Mama akiwa ameshafariki, nikamleta Baba kwangu Grand Prairie. Nilichukua likizo. Nilitaka mzee apapende, na zaidi nilitaka aanze kuikumbuka Singida, kama sisi tulio mbali tunavyoikumbuka. Nikamwendesha mpaka Houston. Njia nzima alitazama ile tambarare isiyo na mwisho, akasema, "Kama ng'ambo ya mto kule Voronezh."

Binti yangu Neema alikuwa na miaka kumi na moja, wa kumsemesha Kiswahili akujibu Kiingereza. Babu alimteka ndani ya wiki moja. Neema aliitafuta mitaa ya Voronezh kwenye kompyuta yake ndogo, Babu akavaa miwani, wakaanza kutembea mji mzima wakiwa kwenye kochi langu. "Shuka mlima, kata kulia." "Babu, where's the wall?" Mtoto niliyembembeleza miaka yote anijulie angalau mtaa mmoja wa Singida, sasa anajua vilima vya Voronezh! Wivu wangu wa utotoni ulirudi wote.

Jumamosi moja asubuhi nikaweka sahani ya maandazi mezani, nikashindwa kujizuia.

"Baba, na Singida je? Miaka arobaini! Umetuzaa pale, Mama umemzika pale. Mbona hujawahi kuisimulia hivi hata siku moja?"

Baba akavua miwani. "Singida nilikuwa na nyinyi, mama. Mvua ikichelewa, mimi nawaza mtakula nini. Mtu utaukodolea mji macho saa ngapi? Voronezh nilikuwa na miaka ishirini, simlishi mtu."

Lilikuwa jibu la upendo, najua. Liliniuma vilevile.

Neema akasema bila kuinua macho, "But Mama, you do it too."

"Nafanya nini?"

"Singida, Singida, every day. Kuku wa Singida, maziwa ya Singida. You never say anything nice about hapa. And mimi ni wa hapa."

Nilitaka kumkatalia. Nikakumbuka mikusanyiko yetu ya Watanzania kule Lewisville, sisi watu wazima tukipokezana: huku tunaishi tu, si kwetu, hakuna kitu huku, ni maghala na barabara. Kila mara Neema alikuwepo, sahani mkononi, anasikia. Nilimfanyia kilekile nilichofanyiwa na Baba.

Nikavua aproni. "Haya, nionyeshe hapa kwako."

Akatutoa mimi na Babu mpaka nyuma ya maghorofa yetu, tukapita kwenye uzio uliotoboka. Kuna kijito huko, sehemu kimejengewa zege, na kasa wanaoota jua juu ya zege hilo. Neema amewapa majina wote. Akatuonyesha alama ya maji ya mwaka wa mvua kubwa, mahali alipojifunzia baiskeli, shimo lililomeza kiatu cha rafiki yake Marisol, na daraja walilolia siku Marisol alipohamia Mansfield.

Nimeishi nyumba hiyo miaka sita, na sikujua kama kuna maji nyuma yake.

Sisi tulikuwa na ziwa zima na ndege wake. Wao wana mfereji. Maneno hayo yalikuwa yameshanifika mdomoni, nikayameza, nikamsikiliza mwanangu mpaka mwisho. Aliwataja Marisol, kasa, mzee anayevua samaki pale, na mbwa wa jirani. Mimi hakunitaja hata mara moja.