Mashine ya Kahawa Iliyozungushwa Kinyume

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniwekea mapajani kitabu kipya cha watoto, hadithi ya uchawi na ya safari za kurudi nyakati za kale. Nilikifungua, na ile harufu ya gundi na karatasi ikanirudisha Kimulot, miaka ya thelathini, kando ya moto wa nyanya yangu, wakati msitu wa Mau ulikuwa karibu nasi kuliko mashamba ya chai.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na mwangalizi wa kitalu cha miche ya chai katika shamba la Mzungu mmoja. Mke wa Mzungu huyo alimpa kitabu ambacho mwanawe alikiacha alipopelekwa ng'ambo kusoma. Jalada halikuwapo, wala kurasa za mwisho. Mbwa wao alikuwa amezitafuna. Jina la kitabu silijui hadi leo. Watu ambao hawakukiona kamwe wamenitajia majina kadhaa, lakini mimi siandiki nisichokijua.

Kila jioni nilikisoma kwa Kiingereza changu cha kuchechemea, kisha nikamsimulia Nyanya kwa Kikipsigis. Sote tulimwita Kogo. Alinisikiliza huku akisugua kibuyu cha maziwa kwa kijiti kilichoungua, na harufu ya mkaa wa mti ule ilijaa nyumba. Katika hadithi ile mlikuwa na mashine ya mkono ya kusagia kahawa. Ukiizungusha kinyume, unajikuta katika siku zilizopita. Mvulana mmoja aliizungusha akapotea, na dada yake akamfuata kumtafuta. Uchawi wenyewe haukumshangaza Kogo hata kidogo. Kilichomkera ni kwamba watoto wale walianza safari bila chakula. Akaniuliza mama yao alikuwa wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma.

Yeye pia alikuwa na mtoto aliyepotea. Kiptonui, kaka mkubwa wa Baba, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita na Wajerumani, wala hakurudi. Mtu mmoja alipita kwetu akasema amesikia kwa mwenzake kwamba Kiptonui alikufa kwa kuhara huko kusini. Habari ziliishia hapo.

Tulipokuwa katikati ya kitabu, Mama alijifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu, wanawake wazee humtajia mtoto mchanga majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina atakalolipigia chafya ndilo la yule aliyerudi ndani yake. Siku zilipita, na Baba hakuwaita wanawake hao. Kogo alisubiri. Kila nilipofungua kitabu aliuliza kwanza kama msichana amempata kaka yake.

Jioni moja nikaufikia ukurasa wa mwisho uliosalia. Msichana amemshika kaka yake mkono. Mpini wa mashine umekwama. Nikamwambia Kogo kwamba hakuna zaidi.

"Alirudi," akasema. "Alirudi akiwa mdogo. Dada yake hakumtambua mpaka alipopiga chafya."

Nilicheka. Baba, aliyekuwa mlangoni akivua viatu vya kazi, hakucheka.

"Mama, usiniletee hayo."

"Nimesema habari za Wazungu. Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia unachotaka. Jina la Kiptonui halitatajwa juu ya mtoto huyu."

"Kanisa lako ndilo limekuambia?"

Baba alitoka kwenda kunawa miguu, akakawia sana huko nje.

Mtoto alibatizwa. Kogo alimbeba mgongoni kutwa, akampenda kuliko sisi sote, lakini jina la ubatizo halikutoka kinywani mwake. Hadi alipofariki alimwita Mgeni tu.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mwalimu na Baba akiwa mkongwe, nilimsifu kwa kusimama imara katika imani yake siku ile. Alinitazama kama mtu atazamavyo mwanafunzi aliyekariri somo bila kulielewa.

"Kanisa?" akasema. "Wale akina mama huwaita marehemu. Ningekubali wamwite kaka yangu, ningekuwa nimemzika. Na nani alimwona akifa?"

Ninyi mnaosoma haya mtanisamehe nikisema kwamba hili ndilo jambo linaloniuma kuliko mengi niliyoyaona. Kogo aliondoka akiamini kwamba mwanawe mdogo amemsahau kaka yake. Baba naye alidhani mama yake amekata tamaa mapema mno. Mmoja alimngojea Kiptonui barabarani, mwingine alimngojea kwenye mbeleko. Walikula chungu kimoja miaka yote ile, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba bado anangoja.