Godelieve na Hewa Iliyopenya Mpira

Godelieve, Mrundi, alikuwa amepika bia na kukusanya gesi yake kiwandani Bujumbura miaka kumi na mmoja kabla ya kuanza kupanga foleni ya mgao katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ndiyo maana mwaka wa 2012, shirika moja la mbali lilipoleta mtambo wa kunasa kaboni dayoksaidi, kazi akapewa yeye. Mwingine yeyote kambini angeuanikia nguo.

Mtambo ulifanya hivi. Moshi wa jenereta ulipanda mnarani, ukakutana na dawa ya amine ikidondoka kutoka juu. Dawa ikainywa kaboni dayoksaidi, ikachemshwa, ikaitapika, ikapoa, ikarudi mnarani na kiu yake. Ilinuka samaki aliyesahauliwa, na majirani hawakuchoka kuulizia bei. Jenereta yenyewe haikuwa na kazi nyingine ila kuendesha mtambo unaosafisha moshi wake.

Kasoro ilikuwa moja tu: tanki la kuhifadhia gesi lilikwama Kitale. Basi Godelieve aliikamata asubuhi na kuiachilia jioni, kama polisi wafanyavyo na waendesha boda wasio na leseni.

Siku moja Kipngeno, afisa wa mradi aliyekaa Lodwar, akapiga simu. Wageni wangekuja kesho yake kuiona gesi. Wasipoiona, mtambo ungehamishiwa Lokori, na Godelieve angebaki bila kazi.

"Na tanki, bosi?"

"Mama, wewe ni mtu wa kiwanda. Tafuta chombo."

Akaenda kwa Chuol, fundi wa pancha, akaazima tyubu kumi na nne za pikipiki. Kufikia magharibi zote zilikuwa zimejaa, nono, zimeegemea ukuta. Akasali, akalala.

Asubuhi zilikuwa chapati. Akajilaani papo hapo: kaboni dayoksaidi hupenya mpira upesi kuliko hewa ya kawaida, na yeye alilijua hilo tangu kiwandani. Wageni nao walikuwa wameshafika, wameziba pua, na Kipngeno alikuwa katikati ya kuomba radhi kwa Kiingereza kirefu.

Mkubwa wao, Mugure kutoka Nairobi, akauliza gesi iko wapi.

"Jana ilikuwa hapa," Godelieve akasema. "Imepita kwenye mpira. Kuinasa niliinasa, madam. Kuilinda ndiko kulikonishinda."

Mugure akaandika kwa muda mrefu. Kwa maoni yake, hilo lilikuwa suala la ulinzi.

Mwezi uliofuata Godelieve akaletewa mkataba mpya, sare ya bawabu, filimbi ya kupuliza gesi ikianza kutoka, na jenereta ya pili ya kumulikia tyubu. Chuol alipokuja kudai zake, akaonyeshwa nambari zilizopakwa rangi nyeupe. Tyubu sasa zilikuwa mali ya mradi, na Godelieve, kwa masikitiko, akampulizia filimbi.