Siku Niliyokwenda Msibani Kukagua Nyumba

Kuna mtaa mmoja kule Ipuli ambao mpaka leo nikipanda bodaboda namwambia dereva azungukie njia ya nyuma, na akiniuliza kwa nini namjibu kwamba ya mbele ni mbovu, wakati kila mtu anajua ile ndiyo barabara nzuri kuliko zote. Barabara haina kosa. Mwenye kosa ni mimi, na aibu niliyoipata pale sijamsimulia hata mume wangu, kwa hiyo nyie chekeni mtakavyo, ila mkimwona Baba Nyamizi msifungue midomo.

Mnajua ninapokaa. Isevya, nyumba ya kupanga, familia tano na choo kimoja, asubuhi mtu umeshika ndoo kwenye foleni unawaamkia shikamoo watu ambao hata kutazamana usoni mnaona haya. Na kazi yangu mnaijua, nauza mapazia Kanyenye. Sasa fikirieni mwanamke anayeshinda anapendezesha madirisha ya watu, halafu kwake dirisha ni moja, nalo linatazama choo. Nikawa na ugonjwa wa nyumba. Lakini si nyumba yoyote (mtaka cha uvunguni sharti ainame, mimi nilikuwa nakitaka cha darini), nilitaka zile mpya za Ipuli, zenye vigae mpaka barazani, geti la kusukuma, na chumba cha kulala chenye bafu lake humo humo. Baba Nyamizi biashara yake ya asali ilikuwa imemkubali, kodi tungeiweza. Nyumba ndiyo haikuwepo. Viwanja vya mtaa ule vilishakwisha, nyumba mpya unazihesabu kwa vidole, na tangu wageni wa miradi waanze kumiminika mjini, nyumba inachukuliwa rangi haijakauka. Kila mara dalali wetu, Kapela, akitupigia simu, tukifika tunakuta mtu anashusha makochi.

"Mama Nyamizi," Kapela akaniambia siku moja amekasirika kabisa, "mtaa ule nyumba haitafutwi. Inawahiwa."

Neno hilo likanikaa kichwani vibaya.

Jumamosi moja natoka kwa mteja, napita mtaa ule, naona turubai limefungwa mbele ya nyumba niliyokuwa naitamani kuliko zote, ile ya paa la bluu, ambayo wenyewe hawakuwa wamemaliza hata mwaka tangu wahamie. Kuuliza, naambiwa mwenye nyumba, Mzee Mihayo wa malori, amefariki, mazishi kesho. Na mimi (Mungu anisamehe), kabla hata sijasema poleni, nikawaza: mama wa watu atabaki peke yake kwenye nyumba yote hii? Lazima ataipangisha. Na Kapela bado hajajua!

Msibani kwetu mtu haulizwi kadi. Ukijifunga khanga ukaingia unalia, umeshakuwa wa nyumbani. Nikajifunga, nikaingia, na kulia nililia kweli, maana vile vilio vilinikumbusha baba yangu, nikashindwa kujizuia, nikawapita hata wafiwa wenyewe. Mgeni asiyejulikana akilia kupita kiasi, akina mama wanaanza kutazamana, ila mimi sikuwaona.

Mjane, Mama Kalunde, alikuwa amekaa kwenye godoro sebuleni, ameegemea ukuta. Nikampa mkono wa pole, nikakaa pembeni. Macho yangu, badala ya kuwa kwa mfiwa, yakawa juu kwenye dari, nahesabu taa. Dada wa marehemu, mama mmoja wa miraba minne, akaniinamia.

"Pole, mwanangu. Wewe ni wa upande gani?"

Ningesema napita tu nikasikia msiba, yangeisha. Nikasema, "Nina duka la mapazia pale Kanyenye. Marehemu alikuwa mteja wangu."

"Mihayo? Alikuwa ananunua mapazia?"

"Sana tu." (Hilo "sana tu" sijui lilitoka wapi.)

Akayatazama mapazia ya pale sebuleni, kisha akamtazama wifi yake. Mimi nilikuja kuelewa baadaye: mapazia yote ya nyumba ile Mama Kalunde aliyafuata mwenyewe Mwanza. Sasa kama marehemu alikuwa ananunua mapazia sana tu, alikuwa anayatundika kwa nani?

Nimeshawasha moto, na sina habari. Nikauliza choo, nikaelekezwa cha uani, nikajifanya sikusikia, nikafuata korido ya ndani. Jiko nikalichungulia, stoo nikaichungulia, mwisho nikafungua mlango mmoja nikajikuta kwenye chumba cha wenyewe. Kitanda kimetandikwa, na chini yake viatu vya kiume vimepangwa vinatazama mlango, kama mwenyewe anataka kutoka sasa hivi. Niliviona, nikavipita. Lakini lile dirisha, jamani! Ukuta mzima. Mkono wangu wenyewe ukaingia kwenye pochi ukatoa futi, ile ya fundi cherehani, nikaanza kupima.

Mlango ukafunguliwa. Dada wa marehemu, na nyuma yake akina mama watatu.

"Si nilisema? Huyu hapa, yuko chumbani kwake!"

Kwa kweli kelele zilizofuata siwezi kuzisimulia zote. Nimeitwa mchepuko, nimeitwa mwanaharamu, nimeambiwa nimekuja kugawana urithi maiti hajafika hata makaburini. Kwaya nje ikakatika katikati ya wimbo. Nikasukumwa hadi sebuleni, na mzee mmoja akasimama akasema, "Mwacheni aende, msituharibie msiba." Wakanipisha. Mlango wa kutokea niliuona mbele yangu, uko wazi, na miguu ilishaanza kwenda.

Ndipo nikamwona Mama Kalunde. Alikuwa ameacha kulia. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana haja nacho tena:

"Mlianza lini?"

Nikasimama. Nikiondoka, huyu mama atamzika mumewe kesho huku akiwa na hilo swali, na atalibeba maisha yake yote.

"Mama, mumeo simjui," nikasema. "Sijamwona hata siku moja. Hayo mapazia ni uongo wangu. Nilikuja kuangalia nyumba."

"Nyumba gani?"

"Hii. Nilidhani utaipangisha. Nilitaka kuwahi." Na nikainua ile futi, watu wote waione.

Natamani wangenipiga. Mama Kalunde akaitazama ile futi, halafu machozi yakaanza tena kumtoka.

"Nimemchukia mume wangu," akasema. "Sasa hivi tu, umenifanya nimchukie, na bado sijamzika. Bora hata ungekuwa mwanamke wake. Kile kilio chako kingekuwa chake."

Nikatoka nimeinamisha kichwa. Kwenye turubai watu walinipisha kimya, mpaka nafika getini kijana mmoja akasema, "Na geti hujapima, dada?" Wengine wakacheka. Mimi nililia njia nzima mpaka Isevya, na safari hii sikumkumbuka baba.

Haikupita miezi mingi, tuko tunakula, simu ya Kapela ikaita. "Mama Nyamizi, paa la bluu! Mjane anahamia kwa wanawe Nzega. Nimekupigia wewe kabla ya mtu yeyote, fanyeni haraka!" Baba Nyamizi alishanawa mkono, anatafuta viatu, anacheka mwenyewe.

"Mwambie hatuitaki," nikasema. "Inavuja."

"Umejuaje?"

Nikachukua ndoo, nikatoka kwenda kupanga foleni.

Tangu siku ile nikienda msibani nakaa mkekani macho chini, choo nikielekezwa uani naenda uani, na kabla sijaanza kulia nauliza kwanza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Maana Mzee Mihayo sura yake sikuijua, na picha yake sebuleni pale ilikuwepo, nasikia ilikuwa kubwa, imezungushiwa maua. Sikuiona. Nilichojua kwake ni upana wa dirisha, na vile viatu.