Fundi wa Kuta Anayejifunza Moyo wa Mkewe

Saa mbili asubuhi, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti, Cleophas Nyasani amesimama juu ya dawati katika darasa moja karibu na Nyakoe. Anachora utumbo mwembamba. Brashi yake inakwenda ikirudi, kunjo baada ya kunjo.

"Watu hudhani utumbo umetupwa tu humo tumboni," anasema bila kugeuka. "Hapana. Umekunjwa kwa mpango. Ukiunyoosha, unakaribia urefu wa darasa hili."

Nyasani ana miaka 51. Kwa miaka kumi na tisa amechora mabango ya maduka na hoteli kutoka Suneka hadi vilima vya Nyamira anakoishi. Shule humwita achore ramani ya Kenya, herufi, na mifumo ya mwili wa binadamu. Ukuta mmoja humlipa shilingi elfu tatu, kazi ya siku mbili au zaidi.

Miaka mingi alichora asichokielewa. Masomo aliyaacha kidato cha pili.

"Nilikuwa nakopi kitabuni tu," anasema. "Ini nililijua kwa rangi yake. Kazi yake sikuijua."

Mkewe, Nyamoita, alikuwa akichuma majani chai katika kishamba chao. Mwaka 2018 alianza kuhema akipanda kilima na kikapu mgongoni. Baadaye akawa halali ila ameketi, ameegemea ukuta. Miguu ikavimba hata viatu vya kanisani vikamkataa.

"Nilimwambia ni uvivu," anasema Nyasani. "Nilimwambia wenzako wanapanda kilima hicho hicho na kikapu kimejaa, na bado wanapiga gumzo."

Anachovya brashi ndani ya kopo, anaikung'uta, anaichovya tena.

Walipofika hospitalini hatimaye, daktari alieleza kwa kirefu. Nyasani alishika neno moja tu: valvu.

"Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Nyamoita akaniuliza, 'Amesema nini?' Nikamwambia, 'Amesema utapona.'"

Alifariki Juni mwaka uliofuata.

Miaka miwili ilipita. Siku moja Nyasani alikuwa akichora mfumo wa damu katika shule moja ya Suneka, na mwalimu wa sayansi, Lorna, akasimama mlangoni kumtazama.

"Fundi, moyo umeuweka upande usio wake."

"Si hukaa kushoto, Mwalimu?"

"Kushoto kwa mtu wa kwenye picha, si kwako. Huyu anakutazama wewe."

Aliufuta kwa kitambaa na mafuta taa. Kisha, kabla hajaanza upya, akauliza swali alilotembea nalo muda wote huo. "Mwalimu, valvu ni nini?"

Lorna alichukua chaki, akachora moyo sakafuni, vyumba vinne na milango yake. Akamweleza kwamba valvu ni mlango: unaipisha damu iende mbele, kisha unajifunga isirudi.

"Na usipojifunga?"

"Damu inarudi nyuma. Mapafu yanajaa maji, mtu anahema. Akilala chali anahisi kama anazama, kwa hiyo anakaa. Hata miguu inavimba."

Nyasani aliteremka kutoka kwenye dawati alilosimamia, akaketi sakafuni kando ya ule mchoro.

"Nilidhani ameshikwa na kizunguzungu," Lorna anakumbuka. "Nikamuuliza, 'Fundi, unaumwa?' Akaniambia, 'Mwalimu, unanisimulia mke wangu.'"

Tangu siku hiyo hachori kiungo kabla ya kuuliza kinafanya nini. Lorna alimpa vitabu vyake vya zamani vya biolojia, na kila Jumapili alasiri Nyasani huketi navyo nje ya nyumba. Amemaliza mapafu na figo. Mishipa ya fahamu ilimchukua miezi mitatu. Homoni, anakiri, bado zinamshinda.

Binti yake, Orpah, ambaye ni fundi cherehani soko la Daraja Mbili, humkuta hapo akija kumtembelea.

"Baba husoma kwa sauti," anasema Orpah. "Anasoma mstari, ananyamaza, kisha anaueleza kwa Kikisii, polepole. Na hakuna mtu mwingine pale."

Nyasani hakatai. "Ninamweleza yeye," anasema.

Lorna alimweleza pia kwamba maradhi ya aina hiyo mara nyingine huanza utotoni, koo linapouma na kuachwa bila dawa. Nyasani alikwenda kumuuliza mama mkwe. Akaambiwa kwamba ndiyo, Nyamoita akiwa mdogo koo lilimsumbua, kisha magoti, na wote wakadhani ni mwili unakua.

Ndipo alipoingia zahanati ya karibu na kwao kuomba ukuta. Si kazi ya malipo. Ni ukuta wa nje, pale kina mama wanapoketi na watoto wakingoja zamu. Muuguzi msimamizi alikubali.

Hapo anataka kuchora mwili mzima: koo, mapafu, moyo uliopasuliwa katikati ili milango yake ionekane. Majina atayaandika kwa Kikisii, *enkoro* kwenye moyo, *amanyinga* kwenye damu, ili asiwepo wa kuitikia kwa kichwa bure.

Na mwili huo utakuwa wa mwanamke. Watu wa vitabuni hawana nyuso, anasema, lakini huyu atakuwa na uso.

Shida ni kwamba picha pekee ya Nyamoita iliyobaki ni ya kitambulisho, nayo imechakaa. Kwa hiyo Nyasani anajizoeza kwa penseli katika daftari. Juzi alimwonyesha Orpah uso wa kumi na moja. Orpah aliutazama kwa muda mrefu, akasema macho ni ya mama, mdomo bado.

"Alikuwa akicheka bila kuufungua," anasema Nyasani, akifuta mikono kwa kitambaa. "Ukuta nimeahidiwa Novemba. Nina wiki kumi hivi za kuupata mdomo huo."