Jiko la Makarius wa Matogoro

Makarius Haule alikuwa fundi wa mabani. Kwa miaka kumi na minane alizunguka Lusewa na vijiji vya jirani akiwajengea wakulima vibanda vya kukaushia tumbaku, na hapakuwa na mtu aliyeweza kumfundisha habari za moto. Mwaka 1993 yeye na wenzake walipunguzwa kazini na chama cha ushirika cha tumbaku kilichowaajiri. Akarudi Matogoro kwa mkewe, Theodosia, na mwiko wake na baiskeli.

Siku hizo maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu tusivyovizoea. Makarius alinunua nailoni nyeupe, akasimamisha miti, akaezeka nyumba ya kupandia nyanya. Watu walicheka. Baridi ya Juni ikishuka na upepo wa mlimani, nailoni ingesaidia nini? Hapo akatoa ufundi wake. Pembeni humo ndani alijenga jiko la matofali lenye koo jembamba lililosimama wima, juu akalifunika kwa pipa. Moto ulivutwa humo ukinguruma, na moshi ukapita ndani ya kibaraza kirefu cha udongo hadi kwenye bomba la nje. Kuni chache za jioni zilitosha, kibaraza kikabaki na joto mpaka asubuhi.

Julai ile ni yeye peke yake aliyekuwa na nyanya mbivu. Aloyce, mfuga kuku wa Bombambili, akaja kuomba jiko kama hilo kwa ajili ya banda la vifaranga. Makarius akamjengea.

Mwaka uliofuata baridi ilizidi. Makarius akaziba kwa udongo kila tundu la nyumba ile lililoingiza upepo. Kisha akabuni jambo jingine. Kuni zikishakuwa makaa, moshi umekwisha, alipanda ngazi akafunika bomba kwa kipande cha bati, akaweka jiwe juu yake ili joto lisikimbie. Akamfundisha na Aloyce kufanya hivyo.

"Kichwa kinaniuma kila nikitoka humo," Theodosia alimwambia. "Na moyo unakwenda mbio."

"Unaingia hujanywa hata uji."

"Nimekunywa."

"Basi ni joto tu. Moshi ungekuwepo si ungeuona?"

Siku ya tatu wakamkuta kuku wao amekufa mle ndani, kando ya kibaraza, pamoja na vifaranga saba. Makarius akasema ni kideri. Jirani yao, Bibi Halima, alimgeuza kuku kwa kijiti, akatikisa kichwa.

"Kuku wa kideri huzubaa kwanza, shingo ikapinda. Huyu jana jioni alikuwa kwangu anachakura. Amelala na watoto wake wote, hata unyoya haujakaa vibaya. Msiingie humo, wanangu."

Fundi hapendi kazi yake isemwe. Lakini tangu siku ile Makarius alitangulia kuingia yeye, akasimama mlangoni akinusa. Hakusikia harufu yoyote.

Jumamosi, siku ya soko, alinusa kama kawaida. "Ingia, hamna kitu," akamwambia mkewe, akaenda kupasua kuni.

Theodosia alichuma huku akiimba wimbo wa kwaya. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Makarius alishika shoka akingoja uendelee.

"Mama Noela!" akamwita mkewe.

Akatupa shoka, akakimbilia ndani.

Alimkuta amelala kifudifudi kati ya mistari ya nyanya. Alipomwinua, miguu yake mwenyewe ikamlegea kama si yake, akapiga magoti, akashindwa kusimama. Bibi Halima aliona vivuli viwili nyuma ya nailoni, kisha kikabaki kimoja tu, tena kimeinama. Akakimbia na panga, akaipasua nailoni kutoka juu hadi chini. Upepo wa mlimani ukaingia.

Hospitalini daktari aliuliza, "Mlifunika makaa ndani?"

"Moshi haukuwepo, daktari."

"Makaa yakikosa upepo hutoa hewa ya sumu, nayo haina moshi. Haina hata harufu."

Makarius akasimama. Kichwa kingali kinamzunguka, akaazima baiskeli, akaiendesha hadi Bombambili. Kwa mbali aliliona bati juu ya bomba la Aloyce. Alipanda akalitupa chini, akaupiga mlango wa banda kwa mateke. Aloyce alitoka nyumbani akifoka; mkewe, Pamela, akatoka bandani akishika ukuta, akatapika kizingitini. Nyuma yake vifaranga mia mbili walikuwa wametulia, hakuna aliyelia.

"Wewe ndiye uliyenifundisha!" Aloyce alisema.

"Ni mimi," Makarius alijibu. Akaomba nyundo, akalivunja jiko lile mbele yao, kisha akarudi kulivunja la kwake.

Theodosia alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Mikono yake ilitetemeka, na majina yalimpotea. Mara nyingi alimwita mumewe kwa jina la Isidori, marehemu kaka yake yeye Theodosia. Makarius hakumsahihisha. Aliitika.